Kutoa data wazi wakati wa mlipuko wa ugonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa maabara, maofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa, wanatakwimu na yeyote anayelazimika kuamua, katikati ya mlipuko, nini kitolewe leo na nini kisubiri. Mifano mingi ni ya mpox, Marburg na Ebola, kwa kuwa ndiyo milipuko iliyopita katika ukanda wetu miaka ya karibuni.

Tukisema tutoe data, tunatoa nini hasa?

Wengi hufikiria jenomu ya kirusi, yaani vinasaba vyake vyote, peke yake, lakini kuna mafungu manne. La kwanza ni hesabu: walioshukiwa, waliopimwa, waliothibitishwa na waliofariki, kwa wiki na kwa wilaya. La pili ni orodha ya wagonjwa mmoja mmoja iliyoondolewa utambulisho. La tatu ni mfuatano wa jenomu pamoja na maelezo ya sampuli ulikotoka. La nne, linalosahaulika kuliko yote, ni itifaki: fasili ya mgonjwa mnayotumia, praima za PCR (vipande vifupi vya DNA ambavyo kipimo hiki cha vinasaba hutumia kukitafuta kirusi), kiwango cha Ct (idadi ya mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane) mnachohesabu kuwa chanya, na tarehe mlipobadilisha chochote kati ya hivyo. Hesabu ikiruka Jumatano kwa sababu fasili ya mshukiwa ilipanuliwa Jumanne, msomaji asiyeambiwa ataamini ugonjwa umeshika kasi.

Idadi ya waliopimwa isikose kamwe. Wagonjwa 12 kati ya sampuli 15 na wagonjwa 12 kati ya sampuli 400 ni habari mbili tofauti.

Sampuli yenyewe, iwe damu au majimaji ya kidonda, haimo humu. Kuipeleka nje ya nchi kuna vibali na mikataba yake.

Haraka ya nini? Kwa nini tusingoje uchambuzi ukamilike?

Chukua mpox ya Kivu Kusini, nchini Kongo (DRC). Tangu mwishoni mwa Septemba 2023, hospitali ya Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, ilikuwa ikipokea wagonjwa wenye vipele. Jenomu za kwanza zilionyesha tawi jipya la kundi I la kirusi cha mpox, ambalo leo linaitwa Ib, na ndani yake zilikosekana herufi za vinasaba zipatazo 1,100, zikiwa zimeondoka na jeni ya OPG032. Jeni hiyo ndiyo iliyolengwa na kipimo cha PCR cha kutambua kundi I kilichopendekezwa na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Kipimo cha jumla cha mpox kiliendelea kumwona mgonjwa, ila kile cha kundi I kilisoma hasi, na fundi asiye na habari angeweza kuandika kwamba huyu ana kundi II. Taarifa hiyo ilichapishwa Machi 2024. Mwezi uliofuata uliwekwa wazi uchambuzi mpana zaidi wa Kamituga, wenye washukiwa 241, kati yao 108 wakiwa wamethibitishwa.

Kati ya Julai na katikati ya Agosti, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya zilithibitisha kundi hilo kwao. Africa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Umoja wa Afrika, ilitangaza dharura tarehe 13 Agosti 2024, na WHO siku iliyofuata. Kufikia hapo, maabara za majirani hazikulazimika kugundua udhaifu wa kipimo kile upya, juu ya wagonjwa wao wenyewe. Hiyo ndiyo faida ya kutongoja, na ilitoka mji ambao mara nyingi hata umeme ni wa shida.

Kwa COVID-19, jenomu iliyosomwa na timu ya Zhang Yongzhen wa Shanghai iliwekwa wazi na Edward Holmes tarehe 11 Januari 2020. Siku mbili baadaye WHO ilikuwa imeshachapisha itifaki ya PCR kutoka hospitali ya Charité ya Berlin, na kampuni ya Moderna ilikuwa imeshapanga mfuatano wa chanjo yake. Mtu wa kwanza alidungwa kwenye majaribio tarehe 16 Machi.

Kinyume chake kilionekana Afrika Magharibi. Jenomu 99 za Ebola kutoka kwa wagonjwa 78 wa Sierra Leone ziliingizwa katika GenBank, hifadhidata ya wazi ya jenomu, katikati ya 2014, kabla makala haijachapishwa. Waandishi watano wa makala hiyo, akiwemo Dkt. Sheik Humarr Khan wa hospitali ya Kenema, walikufa kwa Ebola kabla haijatoka. Kisha, kuanzia Agosti hadi Novemba mwaka huo, mlipuko ukiwa kileleni na sampuli zikiwepo, karibu hakuna jenomu mpya iliyowekwa wazi. Zaidi ya watu 11,300 walikufa kabla mlipuko ule haujaisha. Ukimya ule haukuwa na sababu yoyote ya kitaalamu inayostahili kutetewa.

Tukitoa mapema, si wengine watachapisha makala yetu kabla yetu?

Hofu hii ina msingi, na anayeidharau hajawahi kukaa usiku kucha akisafisha sampuli, kisha watu wengine wakazifanyia makala. Ila zipo kinga.

Majarida makubwa ya tiba yalishakubali, tangu Zika ya 2016 na tena Januari 2020, kwamba data au makala ya awali (ambayo bado haijapitiwa na wataalamu) iliyotolewa wakati wa dharura haimnyimi mwandishi nafasi ya kuchapishwa baadaye. Kwa hiyo hoja ya «jarida litatukatalia» isitumike tena. Kinga ya pili ni tarehe: hifadhidata hutoa namba ya usajili yenye siku na majina ya waliopakia, na huo ni ushahidi wa nani alitangulia. Ya tatu, wekeni kwenye maelezo sentensi mbili: mnaandaa makala kuhusu nini, na anayetaka kuandika juu ya jambo hilohilo awasiliane nanyi. Anayetaka kuunda kipimo au kufuatilia mlipuko hahitaji kusubiri. Majina ya mafundi na wauguzi waliokusanya sampuli yaingie kwenye orodha ya wachangiaji siku ileile ya kupakia. Baadaye huwa hayaingii.

Tupakie wapi?

GenBank ya Marekani, ENA ya Uingereza na DDBJ ya Japani hubadilishana data kila siku, hivyo ukipakia moja umepakia zote. Yeyote anaweza kupakua bila kujiandikisha. Hakuna masharti ya matumizi, na kwa wengine hilo ndilo tatizo.

GISAID, iliyoanza 2008 kwa ajili ya mafua, hutaka mtumiaji ajiandikishe na akubali kuwataja waliotoa data. Inapokea mafua, COVID-19 na mpox. Ebola na Marburg si zake. Wanaotoa data wengi barani Afrika huipenda kwa sababu ya sharti hilo la kutambuliwa, lakini huwezi kuzisambaza upya data zake bila ridhaa, jambo linalozuia uchambuzi wa pamoja ulio wazi.

Pathoplexus ilianza Agosti 2024 na imechukua njia ya kati: unachagua data iwe wazi mara moja, au iwe na ulinzi wa matumizi kwa muda usiozidi mwaka mmoja, huku kila mtu akiiona. Kwa timu ndogo inayoogopa kupokonywa makala, hii kwa maoni yetu ndiyo njia ya kwanza ya kufikiria, ilimradi kirusi chenu kimo kwenye orodha yake.

Hesabu za kila wiki hazihitaji hifadhidata ya kimataifa. Faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato) kwenye tovuti ya wizara, yenye anwani isiyobadilika, inatosha na ni bora mara kumi kuliko picha ya jedwali kwenye mitandao ya kijamii, ambayo mtu hulazimika kuichapa upya kwa mkono.

Jenomu iambatane na maelezo gani?

Angalau haya: tarehe sampuli ilipochukuliwa, nchi na wilaya, sampuli ilitoka kwa binadamu au mnyama, aina ya sampuli, mashine na njia ya kusoma, wastani wa kina cha usomaji (kila herufi imesomwa mara ngapi), na programu iliyotumika pamoja na toleo lake. Tarehe ya kuchukuliwa ndiyo inayobeba kila kitu. Mti wa jenomu (mchoro wa ukoo wa virusi) hupimwa kwa muda, na tarehe ya kupokelewa maabara ikiwekwa badala yake, sampuli iliyokaa wiki tatu njiani itaonekana changa kuliko ilivyo, na makadirio ya mlipuko ulianza lini yatayumba.

Kama tarehe kamili haijulikani, andika mwezi, mfano 2024-07. Usibuni tarehe 1 au 15.

Makosa gani hutokea zaidi kwenye jenomu?

Kosa baya kuliko yote ni kujaza mapengo kwa herufi za jenomu rejea, ile ya kulinganishia. Sehemu isiyosomeka iandikwe N. Programu ikiachwa ijaze yenyewe, jenomu itatoka inapendeza, imekamilika, na ya uongo. Tawi jipya litafanana na la zamani. Weka kikomo cha chini cha kina cha usomaji, kwa kawaida 10 au 20, na chini ya hapo iwe N.

La pili ni kutokukata praima. Mfuatano wa praima ni wa kiwandani, si wa kirusi, na usipoondolewa unafunika mabadiliko halisi yaliyo chini yake.

La tatu ni uchafuzi kutoka sampuli jirani kwenye sahani ya maabara. Kila mzunguko uwe na kidhibiti hasi (sampuli isiyo na kirusi) kilichopita hatua zote, tangu uchimbaji wa vinasaba, na kisomwe pamoja na zingine. Kikitoa jenomu, mzunguko mzima usipakiwe hadi ijulikane kwa nini.

GISAID huhesabu jenomu ya COVID-19 yenye N chini ya asilimia 1 kuwa bora na yenye zaidi ya asilimia 5 kuwa hafifu. Hafifu isitupwe: kama ndiyo pekee kutoka wilaya fulani, ipakie na useme ni hafifu.

Mkitoa usomaji ghafi (vipande vyote kama vilivyotoka kwenye mashine), ondoeni kwanza vinasaba vya mgonjwa. Sampuli ya kidonda au damu imejaa DNA ya binadamu, na hiyo haibadiliki wala haifutiki ikishatoka. Chujeni mara mbili: kwanza kwa kulinganisha na jenomu ya binadamu, kisha kwa kubakiza tu usomaji unaolingana na kirusi.

Na kwenye majedwali ya wagonjwa?

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na makosa yenyewe ni madogo.

Tarehe 03/04/2024 ni Aprili kwetu na Machi kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani. Andika 2024-04-03 kila mahali. Saa ni mtego mwingine wa kwetu: «saa 2 asubuhi» ikiingizwa kama 02:00, mgonjwa atakuwa amelazwa kabla hajafika. Mkiona wagonjwa wengi wanalazwa kati ya 01:00 na 06:00, wasiwasi wa kwanza uwe huo. Fomu iandike wazi mfumo wa saa 24.

Kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa, kama nyingi za Bukavu, Goma na Bujumbura, huandika 38,5 badala ya 38.5. Kwenye CSV mkato huo hugawa safu, na Ct ya 24,7 huwa 24 kwenye safu moja na 7 kwenye inayofuata, ikisukuma zilizobaki zote. Excel nayo hugeuza rika la 5-9 kuwa tarehe. Andika «5 hadi 9». Asiyejulikana umri asiandikwe 99 wala 0. Seli iachwe tupu, na maana ya seli tupu iandikwe kwenye kamusi ya data, faili inayoeleza kila safu.

Kuhusu Excel, kumbukumbu ya Uingereza inatosha. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa COVID-19 hawakuingia kwenye hesabu kwa sababu matokeo yalihamishiwa faili ya muundo wa zamani, inayobeba mistari 65,536 tu. Waliotangamana nao walichelewa kufuatiliwa. Linganisha idadi ya mistari kabla na baada ya kila uhamishaji. Ni kazi ya sekunde chache.

Mwisho, semeni wiki yenu inaanza siku gani. Wiki za ufuatiliaji kwetu huanza Jumatatu, za Marekani Jumapili.

Tutalindaje wagonjwa, hasa wakiwa wachache?

Mlipuko wa Marburg wa Kagera mwaka 2023 ulikuwa na wagonjwa 9, waliofariki 6. Ule wa Biharamulo mwaka 2025 ulikuwa na 10, na wote walifariki. Kwa idadi kama hiyo, kuondoa jina si ulinzi. Umri kamili, kazi na kijiji vikikaa kwenye mstari mmoja, sokoni kila mtu anajua ni nani, na familia ndiyo itakayobeba kunyanyapaliwa.

Kwa orodha inayotoka nje: umri uwe wa makundi ya miaka 10, mahali paishie wilaya, tarehe iwe wiki, na kazi ibaki swali moja tu, ni mhudumu wa afya au la. Muda kutoka dalili hadi kulazwa utoeni kwa idadi ya siku, kwa sababu wachambuzi wanauhitaji na peke yake haumtambulishi mtu. Seli yenye watu chini ya 5 iunganishwe na jirani yake. Kuificha tu hakutoshi: jumla ikiwepo, mtu hutoa zilizobaki na kuipata.

Namba ya mgonjwa isiwe namba ya faili la hospitali, wala namba ya simu iliyofumbwa kwa hesabu ya kompyuta. Namba za simu za nchi moja ni chache kiasi kwamba programu huzijaribu zote kwa muda mfupi na kufumbua. Tumieni namba za bahati nasibu, na ufunguo ubaki kwenye kompyuta isiyotoka ofisini. Angalieni pia fomu za simu, ambazo zinaweza kurekodi mahali mhojaji alipo hata kama hakuna aliyeuliza. Safu hiyo imeshatoka na orodha mara nyingi mno. Picha za vidonda hubeba tarehe na mahali ndani ya faili, mbali na uso, makovu na chale.

Baadhi ya taarifa zinafaa kutolewa kwa jumla tu. Karibu wagonjwa 3 katika kila 10 wa uchambuzi wa Kamituga walikuwa wanafanya biashara ya ngono. Uwiano huo uliwasaidia waliopanga chanjo na elimu. Jibu hilohilo kwenye mstari wa mtu mmoja, katika mji mdogo, lingemhatarisha.

Sheria inaruhusu?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Kenya na Uganda zina zao za 2019. Zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Data isiyoweza kumtambulisha mtu ina njia nyepesi zaidi, ndiyo maana kazi ya jibu lililotangulia si ya hiari. Kwa utafiti, wekeni kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo: «Taarifa zangu, zikiondolewa jina na vitambulisho vyote, zinaweza kutolewa kwa watafiti wengine ndani na nje ya nchi.» Kuongeza sentensi hiyo baada ya mgonjwa kurudi nyumbani au kufariki ni kazi ngumu sana.

Je, nchi inayosema ukweli haitaadhibiwa?

Ilishatokea. Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini ziliweka wazi jenomu za aina mpya ya kirusi cha COVID-19, iliyopewa jina la Omicron tarehe 26 mwezi huo, na karibu siku hiyohiyo nchi tajiri zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Kanuni za Afya za Kimataifa hudai nchi inayoweka vizuizi vizito itoe sababu zake kwa WHO ndani ya saa 48. Ule ulikuwa uonevu, na unapaswa kutajwa kwa jina hilo.

Hata hivyo kunyamaza nako kuna gharama. Takwimu za COVID-19 za Tanzania zilikaa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka, tangu Mei 2020, na wataalamu wa ndani walikosa msingi wa kupangia vitanda na oksijeni. Rwanda, kwa upande mwingine, ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024 na kutoa hesabu mara kwa mara. Majaribio ya chanjo yalianza Oktoba 6. Kati ya wagonjwa 66 walifariki 15, kiwango cha chini sana kwa Marburg.

Data zetu zinaondoka, chanjo hazirudi. Kwa nini tuendelee?

Indonesia iliuliza swali hili kwa vitendo. Waziri wake wa afya, Siti Fadilah Supari, alisimamisha kupeleka sampuli za mafua ya ndege, kwa kuwa chanjo zilizotokana nazo ziliuzwa kwa bei ambayo nchi yake isingeimudu. Matokeo yake ni mfumo wa PIP wa Mei 2011, makubaliano ya kugawana virusi vya mafua na manufaa yake: kampuni zinazofaidika na mtandao wa mafua wa WHO huchangia dola milioni 28 kwa mwaka na hutia saini ahadi za chanjo au dawa. Unahusu mafua peke yake.

Mkataba wa Majanga uliopitishwa na WHO tarehe 20 Mei 2025 unalenga watengenezaji watakaojiunga watoe asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wakati wa janga, angalau asilimia 10 ikiwa ya msaada. Kanuni za utekelezaji ziliachiwa kiambatisho kilichojadiliwa baada ya hapo. Msimamo wetu: madai ya haki yafanywe na serikali, kwa sauti kubwa, wakati wa utulivu. Kuzuia jenomu katikati ya mlipuko humwumiza kwanza jirani anayetumia kipimo kilekile.

Makala za awali hazijapitiwa. Si zitaeneza uongo?

Nyingine zimeeneza. Lakini kupitiwa nako si dawa: Juni 2020 Lancet ililazimika kufuta makala kuhusu klorokwini iliyodai wagonjwa 96,032 wa hospitali 671, data zikiwa za kampuni ya Surgisphere. Wapitiaji waliipitisha. Iliangushwa na wasomaji walioona takwimu za Afrika na Australia haziingii akilini, na data zilipoombwa hazikutolewa. Makala ya awali yenye data wazi ni salama kuliko makala iliyopitiwa yenye data zilizofichwa.

Tutumie leseni gani?

CC0 (matumizi huru kabisa) au CC BY 4.0 (matumizi huru mradi mtoaji atajwe). Leseni inayokataza biashara humzuia hata mtengenezaji wa vipimo.

Tuandae nini kabla mlipuko haujafika?

Mkataba wa kutoa data, uliosainiwa, wenye jina la cheo cha anayeidhinisha na muda wa kujibu. Bila huo, faili hukaa kwa mkurugenzi aliye safarini. Uganda ilionyesha tofauti ya maandalizi: kwenye Ebola ya aina iitwayo Sudan, mwaka 2022, chanjo za majaribio zilifika Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali; kwenye mlipuko wa Januari 2025, itifaki zikiwa tayari, majaribio yalianza siku 4 baada ya mlipuko kutangazwa. Andaeni pia akaunti za hifadhidata, kamusi ya data, na mtu wa pili anayejua kupakia.

Tumegundua kosa baada ya kupakia. Tufute?

Msifute. Pakieni toleo jipya chini ya namba ileile ya usajili, na mwandike kilichobadilika na tarehe. Kisha waandikieni wote mnaojua wametumia toleo la zamani, mkianza na watengeneza vipimo. Kwa hesabu za wiki, acheni safu ya takwimu ya kwanza na muongeze safu ya iliyosahihishwa pembeni yake. Mabadiliko ya kawaida, kama washukiwa wanaoondolewa baada ya PCR kusoma hasi, yaelezwe kila wiki hata yakiwa madogo, ili siku idadi ya waliofariki itakaposhuka watu wasidhani kuna aliyeichezea.